Ubao wa Neno la Leo

Kiingereza cha Siwema kilianzia "gudi moningi" kikaishia hapo hapo, tena alikitumia hata jioni. Kwa hiyo Bwana Mbelwa, mwenye shule ya Kiingereza, hakumtaka na vitumbua vyake pale getini.

"Unanitia aibu mbele ya wazazi. Kesho nisikuone hapa!"

"Baba, hivi vitumbua ndivyo uji wa mwanangu," Siwema alisema huku akitazama chini. "Niache kwanza nijifunze maneno ya ubao wako huu wa hapa getini, yale ya Neno la Leo. Nikiyamaliza, nitaondoka mwenyewe."

Wazazi waliokuwa wakileta watoto waliangua kicheko. Bwana Mbelwa naye alipata pa kujionyesha.

"Haya, nyote mashahidi! Akae mpaka ayamalize. Mama, ubaoni pana neno moja tu!"

"Kwa kichwa changu hiki, baba, hata moja ni mzigo."

Siku ya tatu Bwana Mbelwa alikuja na mlinzi.

"Umelijua?"

"Nimelijua, baba. Peshensi ni subira."

"Basi beba karai lako."

"Ningebeba, lakini jana uliandika jingine, na leo naona jingine tena. Mimi mzito, nawe unaniongezea! Ukiacha kuandika, kesho tu nitakuwa nimemaliza."

Bwana Mbelwa aliwatazama wazazi, ambao waliulipia ubao ule ada nzito. Akajifuta chaki vidoleni, akanunua vitumbua viwili.