Zimwi Aliyemeza Uchovu

Sogeeni, jamaa zangu, niwape habari ya mjane Mwanashehe, aliyefanya kazi za ndani kwa zimwi mwenye nyumba ya vyumba arobaini. Alifagia, akadeki, akaosha vyombo tangu jua kuchomoza mpaka kutua.

Siku ya kwanza sahani ilimponyoka. Zimwi akanguruma, "Umevunja, utalipa! Nipe kicheko chako." Akakimeza. Siku ya pili likamponyoka bakuli. "Umevunja, utalipa! Nipe wimbo wako." Akaumeza. Siku ya tatu mikono ilikuwa imekufa ganzi, na mtungi ukavunjika.

"Umevunja, utalipa!"

Mwanashehe aliegemea ukuta. "Bwana, kicheko unacho, wimbo unao. Mimi nimebaki na uchovu tu."

Zimwi hakuwahi kufanya kazi hata siku moja, kwa hiyo hakuujua uchovu. "Basi nipe huo!" Akaumeza wote.

Mara magoti yakamlegea, mgongo ukamwuma, kope zikawa nzito. Akanyoosha mkono achukue kikombe cha maji, kikamponyoka, kikavunjika.

"Hiki nani atakilipa, bwana?"

Zimwi alikaa sakafuni. "Sikukusudia," akasema. "Nimechoka."

"Hata mimi, siku zote tatu."

Zimwi akainamisha kichwa. "Basi vyombo ni vyangu, na hasara ni yangu." Akamrudishia kicheko na wimbo. Alipotaka kurudisha na uchovu, Mwanashehe alikwisha kujitanda kanga yake.

"Huo kaa nao mpaka kesho, bwana," akasema, akaenda zake nyumbani. Nami nimeishia hapo.