Saa ya Pembe Nane ya Wajukuu wa Bi Mwanakombo

"Bibi, ukimtaja Nasoro, mimi na yeye hatuzikani."

Hivyo ndivyo Mbwana alivyomwambia bibi yake, tena mbele ya chakula. Bi Mwanakombo alisogeza sinia la wali katikati ya mkeka, akasema, "Kuleni kwanza." Ndiyo ada ya nyumba ile ya mtaa wa Ngamiani: wagombanao hula sinia moja mpaka neno liishe. Lakini Ijumaa ile wajukuu watatu walilitazama sinia mpaka mvuke ukaisha, na hakuna aliyenyoosha mkono. Saa wanayoigombania ilikuwa kwenye pindo la kanga ya bibi, inagonga kiunoni mwake.

Sikilizeni sasa ilivyoanza.

Wajukuu wale kila mmoja alipewa mkono wake. Mbwana mhunzi wa sufuria na makufuli, chuma kikimwona kinalegea. Nasoro fundi saa, ana meza sokoni, saa iliyokufa akiiweka sikioni anakwambia imekufa kwa nini. Na dada yao Mwanatumu mchora hina, bibi harusi hata apige chafya, mstari wa Mwanatumu haupindi.

Basi mtaani ikaja harusi, bwana harusi katoka Muskati. Mkononi ana saa ya kitajiri, uso una pembe nane, na kila pembe ina msumari mdogo unameta. Nasoro akaomba aishike kidogo. Bwana yule akavuta mkono wake. "Hii, ndugu yangu, mtaila kwa macho."

Wakarudi nyumbani wamenuna, wakaapa wataitengeneza ya kwao. Nani aliyeapa kwanza? Usiulize, hilo nalo wanaligombania.

Mbwana alichukua koki mbovu ya bomba la msikitini, shaba tupu, akaikata, akaila kwa tupa. Pembe saba zikakubali, ya nane ikakataa. Akaitupa, akatafuta koki nyingine, akaanza upya. Vidole vikachubuka hata kumega ugali akawa hawezi. Kasha likatoka, ukilipitishia kidole husikii kovu.

Nasoro alifukua kopo lake la saa zilizokufa. Hapa akatoa gurudumu, kule akatoa kamani, ile springi ya kuisukuma saa, akaoanisha mashine isiyo na baba wala mama. Ikagoma. Akafumua, akaunga. Ikagoma tena. Wateja wakamhama meza. Siku mashine ilipokubali kupiga, aliibeba mpaka nyumbani ameifunika kwa viganja viwili, salamu za watu haitikii.

Mwanatumu alisugua kombe la chaza mpaka likawa jembamba kama ukucha. Huo ndio uso. Akachukua kijiti chake cha hina na rangi nyeusi, akaandika saa zote. Shule hakwenda, namba kajifunza sokoni. Juu kabisa akaweka sita. Chini, kumi na mbili.

Mbwana akaubandika uso kwa gundi bila kuangalia. Kaka zake walikuja kugundua gundi imeshakauka.

"We Mwanatumu, juu inakaa kumi na mbili!"

"Adhuhuri mishale inasimama wapi?"

"Juu," akasema Nasoro.

"Na adhuhuri ni saa ngapi?"

"Saa sita."

"Basi nimekosea nini?"

Mbwana alicheka akashika ukuta. Kuubandua uso ni kuuvunja, ukaachwa hivyo. Wakamtangaza mtaa mzima: njooni muone saa ya dada yetu, imesimama kichwa chini.

Sasa akaja Sharifu Abeid, fundi mkubwa wa saa wa Unguja, kaja kwenye hitima ya marehemu shemeji yake. Akaonyeshwa ile saa, watu wacheke. Hakucheka. Akalipapasa kasha pembe kwa pembe. Akaiweka sikioni, akafumba macho. Akautazama uso, kimya, mpaka watu wakaanza kukohoa.

"Saa za matajiri zimepita sana mikononi mwangu," akasema. "Inayosema saa kama tunavyosema nyumbani, hii ndiyo ya kwanza. Mimi mtu mzima na sina mtoto. Aliyeitengeneza nitamchukua, nimfundishe nilichonacho, na duka nimwachie. Lakini kiti ni kimoja. Bibi, nyumba ni yako, uamuzi ni wako. Nitakuja Ijumaa watu wakitoka kusali, unitajie jina."

Ndiyo maana wali umepoa.

"Bila mashine yangu," alisema Nasoro, "hiyo ni bangili."

"Na bila kasha langu," akasema Mbwana, "mashine yako ni takataka za kopo."

"Sharifu makasha kaona mengi," akasema Mwanatumu. "Mashine kasikia nyingi. Kilichomnyamazisha ni uso."

"Uso umeukosea, hukuubuni," akasema Mbwana. " Kosa halina fundi."

"Lilipokuwa kosa lilikuwa langu peke yangu, mkanitangaza mpaka kwa muuza mkaa. Leo limekuwa zuri, limekuwa la ukoo?"

Mbwana akainamisha kichwa. Nasoro akasema, "Basi tupige kura."

"Piga wewe," dada yake akamjibu. "Mimi sikuichora kwa kura."

Bi Mwanakombo aliwatazama. Maneno ya nyumba ile ameyaamua yeye tangu nywele zake nyeusi: nani ale firigisi, nani arithi kitanda. La leo limemshinda. Akimtaja mmoja, wawili hawatakula tena kwake. Akinyamaza, Sharifu anaondoka, na watatu wote wanabaki na koki, kopo na hina.

Nje watu wakaanza kupita, wanatoka msikitini.

"Hodi."

"Karibu, Sharifu."

Mgeni hakuketi. "Haya bibi, nani?"

Bi Mwanakombo akafungua pindo, akaiweka saa kwenye kiganja. Wajukuu hawakumtazama mgeni, walimtazama bibi midomo.

Mimi naishia hapo. Wewe unayesikiliza, ungekuwa umekaa wewe kwenye mkeka ule, ungemtaja nani? Likikushinda, mpelekee jirani yako, naye ampelekee wa kwake, mpaka jina lipatikane. Ila msikawie, mgeni wa watu amesimama mlangoni.