Hulambwa Asali, Nembo Hailambwi

Hulambwa asali, nembo hailambwi. Mmemsikia Sagwa akimtania dada yake kwa maneno hayo, kisa chupa yenye nembo nzuri aliyotoka nayo dukani, mkacheka, kisha mkaniuliza yametoka wapi. Yametoka hapa hapa kwetu Unyamwezi. Mambo yalianza kuharibika Jumamosi, tarehe nane Juni, mwaka 1996, siku mwenyekiti wa ushirika alipokuja gulioni na bunda la nembo zenye picha ya nyuki wa dhahabu.

Kabla ya hapo gulio letu lilikuwa na desturi yake. Muuzaji huchovya kijiti kwenye asali yake, hulamba yeye kwanza mbele ya mnunuzi, ndipo humpa mnunuzi kijiti kingine. Ukisitasita kulamba, biashara yako imekufa. Mimi nilikuwa narina, bibi yenu Milembe anauza. Alikuwa analamba amefumba macho, kisha anakwambia nyuki walikula maua ya mti gani. Siku hizo hakuna aliyepeleka shoka porini ovyo, maana kila mtu alijua riziki yake inaning'inia wapi. Kanga za Milembe zilinukia nta hata zikifuliwa. Harufu ile siku hizi siisikii popote.

Sasa huyu mwenyekiti, Lubasha, akatangaza kwamba kulamba gulioni ni ushamba.

"Yenye nembo hii ndiyo asali bora," akasema. "Isiyo na nembo nisiione hapa."

Milembe akamjibu taratibu. "Nembo ni jambo zuri, baba. Mtu wa mbali hawezi kuja kulamba. Basi wewe mlambie kwanza, ndipo ubandike."

"Ndoo zote hizi, mama? Si nitaota mabawa?"

Watu wakacheka. Nembo zikagawiwa siku ile ile, kwa wenye mizinga na wasio na mzinga hata mmoja, nyingine zikabandikwa kwenye ndoo tupu. Ndivyo wakubwa wanavyofanya kazi.

Tulikuwa na mnunuzi wa miaka mingi, Hafidhi, mtu wa Tabora mjini. Kijiji kizima kilimtegemea. Msimu ule alichukua kila ndoo yenye nembo, bila kulamba, kama alivyoagizwa. Mwezi wa Desemba akarudi na lori, akazishusha ndoo gulioni.

"Mwenyekiti, wateja wamenirudishia. Hii ni sukari guru iliyochemshwa."

"Haiwezekani. Nembo si hiyo hapo?"

Milembe akainuka, akabandua nembo kwenye ndoo moja, akamkabidhi Lubasha kwa mikono miwili, amepiga goti, kama anayempa mkwe maji.

"Lamba, baba, umwonyeshe utamu wake."

"Mama, acha mzaha. Nembo hailambwi."

"Haya. Umesema mwenyewe. Hulambwa asali."

Gulio likaangua kicheko, lakini Hafidhi hakucheka. Milembe akamletea ndoo yetu, nayo ina nembo, pamoja na kijiti, akalamba kwanza, akampa. Hafidhi akalamba, akarudisha kijiti.

"Hii ni asali, shangazi. Lakini nikiifikisha mjini ina nyuki yule yule wa dhahabu. Nitawaambiaje watu kwamba nyuki huyu mkweli na yule mwongo?"

"Waambie walambe."

"Hawatafungua hata mfuniko. Nisamehe, shangazi."

Akapanda lori. Hakurudi tena, wala hakuja mwingine. Asali ilipokosa mnunuzi, miti nayo ikakosa mtetezi. Waliokuwa wakiitundikia mizinga wakaichoma mkaa. Bibi yenu aliendelea kwenda gulioni na ndoo yake, analamba, anasubiri, jioni anarudi nayo, mpaka maradhi yakamlaza. Lubasha yeye alipandishwa cheo, akahamia wilayani.

Kwa hiyo mtu akikuonyesha karatasi nzuri mahali pa kitu chenyewe, usimtukane. Mwambie hulambwa asali, nembo hailambwi. Milembe hakuichukia nembo. Alitaka tu iwe na ulimi wa mtu nyuma yake. Lakini kuna jambo nimewauliza wenyeviti watatu waliofuata, na wote wamenitazama kama mzee aliyechanganyikiwa: zile nembo zilizobandikwa kwenye ndoo tupu, zilikuwa zinathibitisha ubora wa nini?