Fundo la Lutengano

Mtu mmoja alikuwa na kazi ya kunusa mafuta. Jina lake Lutengano. Mji wao haukulima alizeti wala haukuwa na michikichi, hivyo mafuta yote ya kupikia yalitoka ng'ambo ya mto, kwa wachuuzi waliovuka daraja na madumu begani. Miaka ya nyuma yaliingia mafuta yaliyochanganywa na ya mashine, watu wakaugua, na wengine wakazikwa. Ndipo mkuu wa mji akajenga lango darajani, akamweka Lutengano hapo, akamwagiza kwamba kinachofaa kipite na kisichofaa kirudi.

Na pua alikuwa nayo, nyie! Alifungua kifuniko, akainama, akavuta hewa mara moja, basi. Mafuta yakiwa mazima, alilivisha dumu kitanzi cha kamba ya mgomba shingoni, chenye fundo alilofundishwa na marehemu baba yake. Mji mzima hakuna mwingine aliyeweza kulifunga, ingawa wajuaji hawakukosekana. Mafuta yakiwa mabaya, alimrudishia mwenyewe dumu lake na kumgeukia aliyefuata. Kumwaga mali ya mtu haikuwa kazi aliyopewa, naye hakuwa mtu wa kujipa kazi. Watu walipomuuliza hunusa nini hasa, alicheka na kusema hiyo ni shughuli ya langoni, wao waangalie fundo tu.

Wakaangalia fundo. Mji ukakaa miaka mingi bila msiba uliosemwa kuwa wa mafuta, na Lutengano akipita njiani watu walimpisha.

Asubuhi moja alikuja mchuuzi mwenye dumu la njano lenye kovu la moto ubavuni. Lutengano aliinama mara moja tu akarudi nyuma, kwa maana yalinuka gereji. Mchuuzi alilalamika, akaapa, akasihi, mwisho akajitwika dumu lake na kuondoka. Lutengano akalisahau.

Haikupita wiki, akarudi nyumbani akamkuta binti yake Sekela amelala mkekani, anatapika, tumbo limejaa, macho yanamtazama baba yake bila kumjua. Lutengano alikuwa na mtoto huyo mmoja tu. Alikimbilia jikoni kutafuta maji ya kumpa, na pale kando ya mafiga akaliona dumu la njano lenye kovu la moto ubavuni. Shingoni limevaa kitanzi cha mgomba. Fundo ni lake.

Alisimama na kikombe mkononi kama aliyepotea ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alifungua kifuniko akanusa, yakanuka gereji. Akaligeuza fundo huku na huku, akalikuta limekaza vile vile anavyokaza yeye, ncha moja fupi, nyingine ndefu. Pua ilimwambia alilikataa dumu hili. Fundo likamwambia alilipitisha. Sasa amwamini nani, na vyote ni vyake? Alijaribu kuikumbuka asubuhi ile. Alimkumbuka mchuuzi akiapa, lakini je, hakuishia kumwonea huruma? Au siku ile alikuwa na mafua? Na kama mkono wake ulifunga bila yeye kujua, umefunga mangapi mengine, katika nyumba ngapi?

Wakambeba mtoto hadi zahanati. Mganga aliuliza mtoto kala nini. Lutengano, ambaye mji mzima ulikula kwa idhini yake, alisema hajui. Alikaa kwenye benchi, akimhofia mwanawe asife na kuiogopa mikono yake mwenyewe. Mwishowe alimgeukia mkewe, Atupele, akamuuliza kwa sauti ya chini kama mafuta yale aliyanusa kabla ya kuyapikia.

"Yalikuwa yananuka, baba Sekela," akasema Atupele, "ndiyo maana nikayavisha fundo lako."

Alisema hivyo bila kujitetea, kama anayeeleza kwamba maziwa huchemshwa kwanza. Na alipoona mumewe kaduwaa, akamweleza yote, naye akishangaa kwamba yalihitaji kuelezwa. Mchuuzi aliyekataliwa langoni alizunguka kwenye kivuko cha ng'ombe, akauza kwa bei ya chini mashambani. Wanawake walinunua, kwani nani hapendi nafuu? Wakifika nyumbani, walichukua kitanzi kwenye dumu lililokwisha wakalivisha dumu jipya, wakaliacha lilale nacho mpaka asubuhi. Asubuhi harufu huwa imepungua kidogo. Kila nyumba ilifanya hivyo. Vitanzi vilitundikwa misumarini, juu ya mafiga, vikilindwa moto usiviunguze. Jirani aliazima fundo kama anavyoazima kinu. Bibi harusi alipewa moja akaanze nalo maisha. Si walikuwa wameambiwa kwamba chenye fundo hakidhuru?

Lutengano alitaka kukasirika, akakosa wa kumkasirikia. Mkewe hakuwa na hila. Mchuuzi alikuwa na hila, lakini fundo hakulivisha yeye. Na yeye mwenye pua aliujua ubaya wa dumu lile, akaliacha lirudi barabarani.

Sekela alipona, Mungu ashukuriwe. Ila macho hayakurudi kama zamani, na mpaka leo hutembea akipapasa kuta.

Lutengano alikwenda kwa mkuu wa mji akamweleza yote, akilia. Mkuu alisikitika kweli. Aliita watu, akawatangazia kwamba mafuta mabaya yamepenya, na kwamba kuanzia sasa kila dumu zima litafungwa mafundo mawili. Watu walipiga makofi, na wanawake wengine wakapiga vigelegele, wakasema sasa ndiyo tuko salama kabisa. Lutengano aliinua mkono aseme, lakini hakujua aanzie wapi, akaushusha. Alijiuliza kama ni yeye asiyeelewa. Watu wote hawa wanafurahi, na yeye peke yake anaona giza.

Kesho yake alirudi langoni, maana bila yeye yangeingia yote. Mchuuzi wa kwanza alikuwa na mafuta mazuri, na mama mmoja alikuwa amekwisha kumlipa, anangoja. Lutengano alifungua kifuniko, akanusa, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu apewe lango. Alimsogezea yule mama dumu, akamwomba anuse yeye mwenyewe.

Mama alirudisha uso nyuma kama aliyeombwa kuvua kitambaa chake hadharani. Alimuuliza, bila dharau, kwa mshangao tu, kwamba kama yeye atanusa, basi Lutengano amewekwa pale kufanya nini. Na tena, alikuwa na haraka. Nyuma yake foleni ikaanza kunung'unika. Funga, baba, funga, jua linapanda.

Lutengano aliitazama kamba ya mgomba. Asipofunga, watu hawatajua jema ni lipi. Akifunga, kitanzi hicho hicho kitatoka kwenye dumu hili jema na kulala shingoni mwa lile bovu, kando ya mafiga ya mtu mwenye mtoto. Alifikiri kwamba mkono wake utagoma. Haukugoma. Ulifunga fundo la kwanza, ukafunga na la pili, ncha moja fupi, nyingine ndefu. Mama akashukuru, akaondoka na dumu lake.

Nami nawauliza ninyi mlionisikiliza, wa langoni na wa jikoni pia: fundo lile lilikuwa limefungwa shingoni mwa dumu, au puani mwa watu?