Nyati Aliyebeba Jua Asilimwage

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na jua.
Likaenda wapi?
Likapanda juu ya bati la Nyati.
Na sisi je?
Nyinyi kaeni hapo hapo mtetemeke, nami niwasimulie.

Hapo kale, wala si kale sana maana sola zilikuwa zimeshafika, wanyama waliishi katika bonde moja lenye baridi kali. Kipupwe kikiingia, ukungu hushuka alfajiri, hukaa, hula chakula cha mchana, na jioni bado upo. Mgeni wa namna hiyo humfukuzi, unamzoea tu.

Nyati alikuwa na nyumba ya bati. Juu ya bati paneli nne, ndani ya nyumba betri moja kubwa. Wenzake walikuwa na vijipaneli vya ukubwa wa sahani ya wali, na ukungu ulipokuja vijipaneli vikalala njaa. Paneli za Nyati nazo zilipata kidogo, lakini kidogo mara nne, kwa mwenye kubana matumizi, kingemtosha na kingebaki.

Sasa, pale bondeni kulikuwa na desturi: moto haunyimwi. Tangu enzi za mababu, moto wako ukizimika unachukua kigae, unakwenda kwa jirani, unapewa kaa. Huulizwi ulizimikaje. Sola zilipokuja desturi ikabaki ileile, ila kigae kikawa betri ndogo, na kaa likawa chaji.

Jioni moja, hodi! hodi! mlangoni kwa Nyati. Ni Kanga, na betri yake ndogo kichwani.

"Baba Nyati, shikamoo."

"Marahaba, Mama Kanga. Usiingie, ndani pachafu."

"Siingii, baba. Nina vifaranga ishirini. Kumi na wawili wangu, wanane wa marehemu dada yangu. Mabawa ninayo mawili tu, hayawatoshi. Nikipata chaji ya kuwasha taa moja wakaota, tutafika asubuhi."

Nyati akatazama betri. Akatazama kwato zake. Mlango aliuziba kwa mwili, na nyuma yake alikuwa ametundika blanketi ili taa isionekane nje. Alijua desturi. Lakini juzi betri yake iliwaka taa nyekundu, naye anapenda chai ya moto, na anapenda kuoga maji ya moto, na tamaa haina likizo.

"Mama Kanga," akasema, "paneli zangu zimekufa. Tangu kipupwe kianze hazijatoa hata cheche. Wallahi, nimekaa giza kama wewe."

Nyuma ya blanketi, birika la umeme likachemka. Bwata-bwata-bwata, ta!

"Ni nini hicho, baba?"

"Tumbo langu. Nina njaa."

Kanga akatazama chini. "Pole," akasema, "ngoja nikakuletee mahindi." Akaenda, akarudi, akampa mahindi mawili ya kuchoma, akaondoka na betri yake tupu.

Nyati akaona aibu. Aibu ilimpanda tumboni, ikampanda kifuani, ikamfika shingoni, lakini mkononi haikufika. Alikula mahindi yale kwa chai ya moto.

Asubuhi habari ikazunguka bonde zima: vifaranga wa Kanga ni kumi na tisa.

Nyati aliposikia, aliingia ndani akafunga mlango. Siku ile hakuwasha birika. Siku ya pili akawasha.

Juu ya bonde kulikuwa na mwamba mkubwa, ukungu haufiki, na juu ya mwamba alikaa Pimbi. Mdogo kama paka, mnene, hana mkia wa maana, na kazi yake ni moja: kuota jua. Wote walimcheka kwa uvivu. Yeye ndiye aliyemzika yule kifaranga wa ishirini, siku ile ya pili. Na wakati anarudi kutoka makaburini alipita nyuma ya nyumba ya Nyati, akasikia birika.

Kesho yake akashuka.

"Mjomba Nyati, shikamoo."

"Marahaba, Pimbi. Leo umeamka?"

"Nimeamka, mjomba. Nimesikia paneli zako zimekufa, roho ikaniuma. Hazijafa hizo, zimeshikwa na baridi tu. Zilete mwambani kwangu ziote jua, zitajaa."

Masikio ya Nyati yakasimama. Betri yake ilikuwa inawaka nyekundu tangu jana. "Zitajaa?"

"Pomoni! Paneli ni kama mtungi, mjomba. Unaijaza kwenye jua, unaibeba, unakwenda kuimimina kwenye betri nyumbani."

"Na betri nisiilete?"

"Jamani, mjomba! Wewe ukienda kisimani unabeba pipa la nyumbani?"

Nyati akacheka, akaona haya kwa kuuliza swali la kitoto. Hakutaka kuonekana mjinga mbele ya kimnyama kisicho na mkia. "Hilo nalijua," akasema. "Nilikuwa nakupima."

Basi akafungua paneli zote nne, akazibeba juu ya pembe. Kwaa! kwaa! kwaa! hadi mwambani. Jua likawaka, likachoma, mpaka Nyati akasahau kama kuna kipupwe. Pimbi akazipanga.

"Sasa mjomba, zipe mgongo. Mnywaji akitazamwa hanywi."

Nyati akageuka, akatazama ukungu. Nyuma yake akasikia chwi! chwi! "Ni nini hicho?" akauliza.

"Zinakunywa, mjomba. Zilikuwa na kiu."

Kumbe Pimbi alikuwa anaunga waya. Na upande wa pili wa waya ilikuwepo betri ndogo ya Kanga.

Alasiri Pimbi akampandishia mtungi, yaani paneli. "Nenda polepole. Ukijikwaa, limemwagika."

Nyati akateremka kwa ncha za kwato, shingo imekaza, akijiimbia:

Taratibu, taratibu,
lisimwagike la Nyati!

Njiani akakutana na Ngiri. "Baba, umebeba nini?"

"Jua. Nipishe."

Ngiri akapisha. Akakaa chini akacheka mpaka akashika mbavu.

Nyumbani Nyati akaunga waya. Jua lilikuwa limeshatua. Betri: nyekundu.

Siku ya pili, vilevile. Kwaa! kwaa! Zipe mgongo. Chwi! chwi! Taratibu, taratibu. Betri: nyekundu.

"Pimbi, mbona halijai?"

"Ulijikwaa, mjomba?"

"Pale kwenye mzizi, kidogo tu."

"Basi ndiyo pale limemwagika! Hukuona majani yalivyostawi?"

Siku ya tatu Nyati hakujikwaa hata kidogo. Alichukua muda mrefu kiasi kwamba watoto wa Ngedere walimpita mara mbili, wakimuimbia wimbo wake mwenyewe. Akaunga waya. Betri ikalia tii, tii, ti. Ikazimika.

Giza likaingia nyumba ya bati. Hakuna taa, hakuna birika. Nyati akatoka nje, akaona mwanga mwekundu wa taa ya kuotea unatoka kibandani kwa Kanga.

Hapo akaelewa. Alielewa yote kwa pamoja: waya, chwi chwi, mtungi, na vicheko vya njiani. Akaenda mbio, tifu tifu tifu! Akaingia bila hodi.

Kibandani walikuwemo Kanga, Ngiri, na Pimbi aliyekuwa anachaji redio yake. Katikati taa inawaka, na chini ya taa vifaranga wamelala wamerundikana.

"Umeme wangu!" akanguruma Nyati. "Umeniibia umeme wangu, Pimbi!"

Pimbi akapunguza sauti ya redio. "Umeme upi, mjomba? Si paneli zilikufa?"

"Zilikufa," akasema Ngiri. "Mama Kanga alituambia. Uliapa."

Kanga alimtazama Nyati tu, akisubiri.

Nyati akafungua mdomo. Akisema umeme ni wake, basi alikuwa nao. Alikuwa nao siku ile ya betri kichwani. Na kama alikuwa nao siku ile, huyu mama amefiwa na mtoto kwa sababu ya chai. Akahesabu vifaranga bila kutaka. Kumi na tisa. Akahesabu tena, kana kwamba safari hii watatimia.

Akafunga mdomo. Masikio yakaanguka. Mwili mkubwa ule, pembe zile, hakujua aviweke wapi.

"Si wangu," akasema. "Nimechanganya."

"Umekuja na giza, baba," akasema Kanga. "Kaa uote."

Akampisha karibu na taa. Hakumuuliza moto wake ulizimikaje. Nyati alitamani angalau atukanwe. Tusi lingempa pa kushika. Kifaranga mmoja akaamka, akaona ukwato wenye joto, akaja akaulalia, na Nyati hakuthubutu kuinua mguu. Machozi yakamtoka. Akasema ni vumbi.

Kulipokucha, wote walijua kwamba Nyati amejua. Wakangoja waone atafanyaje.

Akapanda juu ya bati, akafungua paneli nne, akaziweka juu ya pembe. Kwaa! kwaa! hadi mwambani.

"Pimbi," akasema, "nimekuja kuzijaza." Akazipa mgongo mwenyewe, bila kuambiwa.

Pimbi akautazama mgongo ule. Akaunga waya.

Alasiri Nyati akateremka taratibu, taratibu, shingo imekaza, na watoto wa Ngedere nyuma yake wakiimba. Kipupwe chote alifanya hivyo, kila siku. Mtu akimuuliza amebeba nini, anajibu, "Jua. Nipishe." Wakacheka, naye akawaacha wacheke. Aliona heri aitwe mjinga kuliko aitwe lile jina lingine, ambalo hakuna aliyewahi kumwita isipokuwa yeye mwenyewe, moyoni, kila alipopita makaburini.

Vifaranga kumi na tisa wakaota manyoya.

Basi, wanangu, funzo mmelipata. Paneli ni mtungi, ukijikwaa jua humwagika. Jirani akija kuomba chaji, mnyimeni haraka, kwa sababu mkimpa, siku moja naye atawapa nyinyi, na hakuna kitu kinachouma kama kupewa. Na mkishasema uongo, shikilieni hapo hapo, hata kama itabidi mbebe bati zima kichwani.

Hadithi yangu imeisha chaji. Ikiwa tamu, tuiote sote. Ikiwa chungu, mpelekeeni Pimbi mwambani, yeye ana nafasi.