Mashine Mbili za Mama Digidigi

Hapo zamani za kale, wanyama walipoanza kuweka kompyuta mezani, na nyinyi mnaonisonga hapa hata hamkujulikana mlipo, aliishi Mama Digidigi peke yake. Binti yake, Mwanaheri, aliolewa mbali. Alimtumia mama video moja tu, kisha kimya miaka mitatu.

Sasa, kompyuta ya mama ilikuwa kuukuu na kumbukumbu yake ndogo. Video ikifika pale Mwanaheri anapofungua mdomo aseme, tuli! Inaganda. Kila jioni mama aliutazama mdomo ule usiotoa sauti. Alitamani neno lile mpaka chakula hakipiti.

Wauza kumbukumbu walikuwa wawili. Tembo alikuwa na vibao vya kumbukumbu vyenye mbio za ajabu, lakini lazima ujaze matundu yote ya mashine yake. Moja likibaki tupu, haiwaki. Vibao vya Kiboko vilikuwa vya bei nafuu, na haviingii katika mashine ya Tembo hata kwa nyundo. Vya wote wawili havikuingia katika ile ya mama. Kila mmoja akamwambia anunue na mashine mpya. Mama akawasihi, wakamcheka.

Jirani yake Nguchiro, fundi mdogo wa maneno mengi, akaenda kwa Tembo akamwambia Kiboko anamwita mzembe. Akaenda kwa Kiboko, akamwambia Tembo naye anamwita mzembe. Wakafura! Akawashauri washindane nyumbani kwa Mama Digidigi, kwa video ile ile.

Wakaja wanahema, pu, pu, kila mmoja na mashine yake. Video ikawashwa katika mashine zote mbili. Mwanaheri akafungua mdomo, na safari hii hakuganda.

"Mama, nitarudi. Usifunge mlango wa uani, nitapitia huko."

Mama Digidigi akalia sana. Miaka yote mitatu alikuwa akiufunga kwa komeo.

Wale wawili hata hawakusikia, wanabishana nani ametangulia. Nguchiro akajikuna kichwa.

"Wakubwa zangu, mmetoka sare. Ziacheni hapa hapa ziendelee. Atakayeondoa yake kwanza, ndiye aliyeshindwa."

"Niondoe mimi?" Tembo akafoka.

"Labda nife," akasema Kiboko.

Basi mashine ziko pale mpaka leo. Wenyewe hupita dirishani, kila mmoja akichungulia kama mwenzake amechoka. Ndani, mama anamsikiliza mwanawe mpaka mwisho, kisha anageuka kuutazama mlango wa uani. Uko wazi, na bado hajaingia mtu.

Funzo lake ni hili: mwenye majivuno hutoa bure kile alichomnyima aliyemwomba kwa machozi.