Zamu Iliyorukwa

Amani ya Bwana iwe nanyi, wapendwa. Kaeni, kaeni. Na nyie wa nyuma sogeeni mbele, baridi ya leo si ya mtu kukaa peke yake kwenye benchi.

Kabla ya yote nataka kusema asante. Tangu mvua zile ziangushe nyumba kule bondeni, familia tatu zinalala chini ya paa la usharika huu, na hakuna mtoto hata mmoja aliyelala nje. Mmeleta magodoro, mmeleta masufuria, mmeleta mablanketi mpaka mama anayetunza stoo akanijia akaniambia, "Mchungaji, watangazie wapumzike kidogo, mlango haufungi." Nimehudumu sharika nne. Sijawahi hata siku moja kuombwa nitangazie watu waache kutoa! Asanteni sana. Nikiendelea kulisema hili nitalia, na kanzu hii imefuliwa jana.

Ila nina jambo moja. Wiki nzima nimekuwa nikitafuta namna ya kulisema bila mtu kununa, nikaona nitoe mfano. Mzee Ndelwa, nakujua, mfano ukianza wewe hufumba macho ili usikie vizuri. Leo sikia ukiwa umeyafumbua.

Kulikuwa na mama mmoja katika mji wa milimani, mji wa baridi kama huu wetu. Alikuwa na mume, watoto watatu, nyumba ya tofali za udongo na shamba la viazi. Walikuwa watu wa jumuiya, yeye na mumewe. Na mnajua jumuiya zetu zinavyokwenda: Jumamosi hii asubuhi tunasali kwa huyu, Jumamosi ijayo kwa yule, mpaka tumalize kaya zote, halafu tunaanza upya. Ikifika zamu yako unaamka mapema, unafagia, unachemsha chai, unaazima viti kwa jirani. Na mwisho wa sala mwenye nyumba ndiye anayesimama kusema neno la shukrani. Hata kama kuna mzee wa kanisa, hata kama yupo mchungaji, neno la mwisho ni la mwenye nyumba. Tunalalamika kwamba zamu inachosha. Lakini nani hapa hajaionja raha yake, watu kumi na tisa wanaimba sebuleni kwako, na yule jirani asiyesali anasikia kila ubeti?

Basi, mvua ikanyesha siku nne mfululizo. Siku ya tano, mchana, familia yote ikiwa shambani, ukuta wa nyuma ukalala chini na paa likaufuata. Hakuna aliyeumia. Semeni asante kwa hilo. Sisikii! Haya, asanteni.

Ndugu zao wakakaa kikao. Wakapanga mama aende kwa kaka yake na mtoto mdogo, binti mkubwa achukuliwe na shangazi, yule wa kati apelekwe kwa bibi, na baba atafute pa kujibanza kwa rafiki. Mmepiga hesabu? Watu watano, nyumba nne. Familia inagawanywa kama nguo za marehemu, na wenyewe bado wazima. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho akiwa amemkumbatia mdogo, maana angebisha vipi na nyumba hana?

Jumuiya ikasikia. Watu wale nawapenda jamani, nawapenda sana. Siku hiyo hiyo wakaenda kwa mchungaji wao, wakaomba chumba cha shule ya Jumapili. Wakasukuma vibenchi vya watoto ukutani, wakatundika pazia, wakaleta magodoro. Familia ikaingia, wote watano. Mama akapiga magoti pale mlangoni akasema, "Hatujatawanyika. Bwana asifiwe, hatujatawanyika."

Mpaka hapo ningeweza kusema amina, tukapokea sadaka, tukaenda nyumbani. Lakini kulikuwa na mama katibu.

Mama katibu wa jumuiya ndiye aliyekuwa na daftari la zamu. Alikuwa mtu mwema, nalisema hili kwa nguvu ili msije mkamchukia. Alifungua daftari lake akaona wiki inayofuata ni zamu ya familia ile. Akawaza moyoni: hawa hawana nyumba, hawana viti, chai wataitoa wapi? Ngoja niwapumzishe. Akawaruka. Jumamosi akasimama akatangaza, "Wiki ijayo tutasali kwa mzee mwenyekiti." Watu wakaitikia amina. Mama na mumewe walikuwa wamekaa pale pale kwenye mkeka. Wakatazamana, wakainamisha vichwa.

Ikapita miezi miwili. Kila aliyekutana nao aliwaambia pole. Asubuhi pole, jioni pole, mpaka yule baba akaanza kupita njia ya nyuma asikutane na watu. Wakiletewa unga, wanasema asante. Wakiletewa sabuni, wanasema asante. Mama akishika ufagio afagie uwanja wa kanisa, mtu anakuja mbio kumnyang'anya, "Pumzika dada, una mengi." Nyie mmewahi kupumzishwa hivyo? Siku ya kwanza ni tamu. Siku ya sitini mtu anaanza kujiuliza kama mikono yake bado ni yake.

Alhamisi moja mama katibu akapeleka viazi. Akakuta kando ya mlango shangazi kaja, ile mifuko yetu mikubwa ya mistari, limejaa hadi zipu inalia.

"Dada, kuna safari?"

"Jumapili, tukitoka ibadani. Naenda kwa kaka. Na watoto wataenda kama ndugu walivyopanga."

Mama katibu akashtuka. "Jamani! Nani amekukosea? Au chakula hakitoshi?"

"Chakula kipo, dada yangu. Mmetupa kila kitu, na nikipiga magoti nawataja mmoja mmoja kwa jina." Akajipangusa mikono kwenye kitenge, ingawa haikuwa na maji. Halafu akauliza, "Zamu yetu mliiruka. Nilikuwa nauliza tu, itafika lini?"

"Tuliwaonea huruma."

"Najua mlituonea huruma. Lakini mtu anaonewa huruma siku ngapi, dada? Kwa kaka nako nitaonewa huruma, ila yule angalau tumezaliwa tumbo moja."

Mama katibu akaaga, akatoka, akafika getini ndipo akagundua bado ana viazi mkononi. Akarudi. Akaviweka chini, akafungua pochi akatoa daftari, akaandika palepale akiwa amesimama. "Jumamosi hii," akasema. "Ni kwako."

Je, jumuiya ilikuwa imeelewa? Hata! Nyie hamjui watu wema wanavyokuwa wagumu kuelewa. Jumamosi asubuhi kila mmoja akajiambia, yule mama hana kitu, nisimsumbue. Huyu akabeba kikombe chake. Yule akabeba chupa ya chai. Mwalimu mstaafu akabeba kiti. Mzee mwenyekiti akatokea kwenye ukungu na stuli kichwani na mkate kwapani. Ukiwaona wanavyopanda kile kilima, ungedhani wao ndio wanaohama.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, kitenge kimepigwa pasi. "Shikamoo, mzee. Karibuni. Na hivyo vyombo?"

"Marahaba, mama. Ah, hatukutaka kukusumbua."

"Mzee wangu," akasema, "mimi nimeomba kusumbuliwa."

Watu wakabaki wanatazamana. Mama katibu ndiye aliyetangulia. Akaweka kikombe chake nje, kwenye kijukwaa cha tofali. Wengine wakafuata mmoja mmoja, vikombe, chupa, stuli, vyote vikabaki nje vinapigwa na baridi.

Ndani, vibenchi vya watoto vikapokea nusu ya watu. Mwalimu mstaafu alikaa magoti yakimgusa kidevu. Na waliobaki wakae wapi? Mama akaangalia huku na huku. Kisha akalivuta lile shangazi kaja, akafungua zipu, akatoa vitenge, akatoa mablanketi, akatoa mashuka, akatandika sakafu yote. Watu wakakaa juu ya safari yake bila kujua.

Wakaimba, wakasali, neno likasomwa. Ikafika chai na viazi vya kuchemsha. Sasa mama alikuwa na vikombe vinne, vile alivyovifukua kwenye tope, na kimoja hakina mkono. Vikombe vinne, watu kumi na tisa! Wanne wakanywa, mama akasuuza nyuma ya pazia, wanne wengine wakanywa. Na jumuiya ile ilikuwa na mazoea ya kunywa chai imesimama, kila mtu macho mlangoni, anawahi soko. Siku ile nani angewahi? Kila mtu alikaa akisubiri mwenzake amalize.

Mzee mwenyekiti, kwa cheo chake, alipewa kikombe cha kwanza. Akampa aliyekaa jirani. Raundi ya pili vilevile. Huku akisubiri, pembeni yake alikuwa yule baba mwenye nyumba. Miezi miwili mzee huyu alikuwa akimwambia pole. Siku ile pole zilimwishia, akauliza, "Hivi mwenzangu, vile viazi vyako vyekundu, mbegu ulitoa wapi?"

Baba akaanza kueleza. Akaeleza kuhusu mbegu, akaeleza kuhusu udongo, akaeleza alivyogombana na kwato za mbuzi wa jirani. Mzee akabisha, baba akabisha zaidi, kisha akaangua kicheko. Nyuma ya pazia mama alikuwa anasuuza vikombe. Aliposikia kicheko kile mikono ikasimama ndani ya maji. Hakuwa amekisikia tangu ukuta uanguke.

Mwishoni baba akasimama, maana neno la mwisho ni la mwenye nyumba. Alikuwa amejiandaa kusema mengi. Alisema, "Asanteni kwa kuja kwangu," akashindwa kuendelea, akakaa. Watu waliitikia amina ambayo nadhani ilisikika hadi sokoni.

Walipokuwa wanatoka, mama katibu akamshika mama mkono. "Na safari ya kesho?"

"Safari gani tena, dada? Jumuiya yetu ina kaya kumi na mbili. Baada ya wiki kumi na mbili zamu inarudi kwangu. Nikiwa kwa kaka nitawapokeaje?" Akalikunja lile shangazi kaja tupu, akaliweka chini ya godoro.

Na wiki ya kumi na mbili ilipofika, jumuiya haikusali kwenye chumba cha watoto. Ilisali kwenye nyumba ya vyumba viwili ambayo plasta yake ilikuwa bado mbichi. Tofali walifyatua wote pamoja, mzee mwenyekiti na yule baba wakibishana kuhusu viazi tangu tofali la kwanza mpaka la mwisho. Familia ilikuwa mlangoni inapokea wageni, wote watano.

Sasa, wapendwa, turudi kwetu. Juzi niliomba madaftari ya zamu ya jumuiya zetu zote. Msinitazame hivyo, ni haki yangu. Nimeyasoma yote, ukurasa kwa ukurasa. Zile familia tatu tunazozipenda, tulizozipa mpaka stoo haifungi, hazimo hata kwenye daftari moja.

Na mkosaji wa kwanza ni huyu anayesema nanyi. Wiki iliyopita nilipita pale na mfuko wa mchele. Mama mmoja wa familia hizo akaniambia, "Karibu uji, mchungaji." Nikajibu, "Asante mama, nimekunywa nyumbani." Sikuwa nimekunywa. Njaa ilikuwa inanikata! Nilitaka kumwokolea kibaba chake cha unga, nikamnyima nafasi ya kunishukuru, na nikaondoka nikijiona mtu mwema. Mama, uko hapa, naona umeinama. Nisamehe.

Tumewapa paa, na ni jambo kubwa, nitamshukuru Mungu kwa ajili yenu mpaka nizeeke. Lakini nao wana shukrani. Wamezibeba miezi mitatu na hatujawapa pa kuzishusha.

Angalieni mbele. Leo ni meza ya Bwana. Kikombe kile mnachokiona ni kimoja, nasi tupo zaidi ya mia mbili. Nani kati yetu amekuja na kikombe chake mfukoni ili asimsumbue Mwenye nyumba? Nani amebeba na stuli yake? Hakuna. Tutapanga mstari, mwenye gari na aliyekuja na ndala, tutasubiriana, tutapokea mikono mitupu, kwa sababu humu ndani sote tumekaribishwa. Wala hakuna aliyewahi kuona aibu kupokea pale, kwa kuwa hakuna anayepokea peke yake.

Nina tangazo moja, halafu tusimame tuimbe. Jumamosi hii jumuiya ya bondeni itasali kwenye chumba chetu cha shule ya Jumapili. Mwenyeji ni yule mama niliyemkatalia uji. Nimeshamwomba, na amekubali. Ameniagiza niwaambie uji utakuwepo, na kwamba ana vikombe sita.

Nami nitakuja na njaa.